Mkubwa Haulizwi Mara Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la Dada. Kurasa mbili za mwanzo zina mwandiko wake, ule unaolalia upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo: "Mabibi na mabwana, karibuni ndani ya ndege yetu." Kwa Kiswahili, kisha Kiingereza, kisha Kifaransa. Baada ya hapo hakuna kitu. Alilitupa chini ya kitanda mwezi wa kumi na mbili, siku aliyorudi kutoka kwenye mtihani wa mazungumzo, akasema kipaza sauti kilikuwa kibovu na watahini hawakumsikia. Leo nimemwomba anipe. Akasema, "Chukua. Mimi yote yamo kichwani." Kwa hiyo naanza ukurasa wa tatu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema mwenye shajara aandike alichokiona, si alichotaka kukiona. Nitajaribu.

Nilichokiona leo ni wingu la kwanza la msimu, na barua kutoka chuoni. Wamempa Dada nafasi ya kurudia mtihani ule, mara moja tu, Ijumaa tarehe 17 Mei. Cheti cha kuogelea anacho, cha kuzima moto anacho, cha huduma ya kwanza anacho. Lakini mhudumu wa ndege asiyepita lugha haruki. Akishindwa safari hii, vyeti vyote vitabaki kuwa karatasi za kufungia sanduku.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Viatu vya shule vimelowa hadi ndani.

Jumamosi, 9 Machi

Korido yetu ina hatua kumi na moja kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Dada anasema njia ya katikati ya ndege ndogo haizidi sana upana wa ubao wa kupigia pasi, na korido yetu ukiipanga viti upande mmoja inabaki na upana huohuo. Mama aliposikia alileta ubao wake akaulaza sakafuni kuhakikisha. Mama hupiga pasi mashuka hotelini siku sita kwa wiki. Hapendi ubao utajwe ovyo.

Tulipanga viti vinne, stuli, na ndoo iliyofunikwa. Abiria ni Bibi, kiti cha mbele, mto mgongoni. Mimi nashika saa na kukosoa.

Dada ana sauti mbili. Kuna ya nyumbani, inayosema "wewe, rudisha kitana changu," na kuna ya ndege, nyembamba, inayopitia puani. Alitoa tangazo zima kwa Kiingereza kwa sauti ya ndege bila kukwama hata mahali pamoja. Nikapiga makofi. Bibi akageuza sikio lake zima, la kushoto.

"Huyu anaongea na nani?"

"Na wewe, Bibi. Wewe ndiye abiria."

"Basi abiria hajasikia."

"Anasema ufunge mkanda."

"Kumbe! Si angesema tu."

Dada alikasirika kidogo. Akarudia kwa Kiswahili: "Tunatarajia kukutana na msukosuko wa anga." Bibi akauliza anga limekosana na nani. Mama alicheka hadi akaketi juu ya ndoo.

Bibi anamwita Dada "Bi Ndege." Mimi ananiita "Bi Kwanini," kwa sababu ya maswali yangu, na akifurahi sana ananiita "mke mwenzangu."

Jumanne, 12 Machi

Hili ni dogo lakini nimeliona, kwa hiyo naliandika.

Bibi alinituma kitu chumbani kwake. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba sikusikia ni kitu gani. Nikasema, "Naam, Bibi," nikaenda, nikasimama katikati ya chumba nikifikiri. Kisha nikamletea vitu vitatu: miwani, shali na kiberiti. Alikuwa ametaka miwani. Akaichukua, na shali na kiberiti nikavirudisha.

Hapa nyumbani mkubwa haulizwi mara mbili. Bibi alimfundisha Mama hivyo, Mama akatufundisha sisi. Kumrudisha mkubwa nyuma kwenye maneno yake ni kama kumwambia kinywa chake hakifai. Ukikosa kusikia, leta vitu vitatu.

Jumamosi, 16 Machi

Dada alinipeleka chuoni kwake! Darasa liko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, na dirishani unaona watu wakijitazama bila kujua kwamba wanaonekana.

Mwalimu wao anaitwa Madamu tu. Aliruka miaka kumi na tisa, hadi goti likakataa. Anatembea akigusa migongo ya viti, kulia, kushoto, kama vile sakafu bado inaweza kuinama.

Aliniuliza, "Na wewe unajua lugha ngapi?"

Nikahesabu. Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa kidogo.

"Kiswahili unakijua?"

"Ndiyo, Madamu."

"Haya. Mikono nyuma. Mimi sijawahi kuona ndege. Nieleze mkanda unafungwaje. Ukitoa mkono umekufa."

Nikaanza: "Unachukua hiki... kile cha bapa... unakiingiza kwenye hii..." Hiki kipi, akasema. Hii ipi. Yeye alifanya kila nilichosema kama nilivyosema, na mwisho mkanda ulikuwa umemzunguka shingoni. Darasa zima lilicheka, nami nilicheka, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta maneno. Nina alama tisini na mbili za Kiswahili. Sijui kufunga mkanda kwa Kiswahili.

Madamu alisema kumimina chai kila mtu anajua. Abiria hakulipii ufasaha, anakulipa umwelewe. Kisha akamtazama Dada, akaongeza, "Kuna wanaozungumza vizuri mno." Dada aliinamia kucha zake.

Kwa nini kuzungumza vizuri mno kuwe kosa? Nitauliza.

Jumapili, 17 Machi

Nimeuliza. Dada amesema Madamu ana wivu.

Alhamisi, 21 Machi

"Shika kile kipande cha chuma bapa kwa mkono wa kulia. Kisukume ndani ya kile kisanduku kidogo upande wa kushoto mpaka kilie ta!" Nimemjaribu Bibi kwa mkanda wa begi langu la shule. Alifunga mara ya kwanza! Akasema, "Sasa nifungue, mke mwenzangu, nataka kwenda msalani."

Sikuwa nimeandaa maneno ya kufungua.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua siku ya tisa mfululizo. Dada amegundua kwamba mvua juu ya bati inafanana na injini, kwa hiyo sasa tunafanya mazoezi ikinyesha tu. Ananyoosha sauti ya ndege juu ya kelele na mimi nasikia vokali peke yake. Nimeandika kwenye karatasi yangu ya kukosoa: "Imesikika robo." Akaichana.

Ijumaa, 5 Aprili

Matokeo ya nusu muhula. Sitayaandika, nisije nikajisifu.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimempeleka Bibi zahanati kupimwa presha, kwa kuwa Mama hawezi kupata ruhusa. Daktari ni kijana, mpole, ana haraka. Foleni ilikuwa hadi mlangoni. Amebadilisha dawa. Tumepewa za njano.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati, kwa penseli. Mwandiko nisamehewe.

Asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu nikasikia sufuria ikianguka jikoni. Halafu nikasikia kitu kizito zaidi, nacho hakikulia kama sufuria. Bibi alikuwa sakafuni kati ya jiko na mlango, mkono mmoja bado umeshika mwiko. Macho wazi. Nikamwita. Akasema, "Nyumba inazunguka, mwanangu. Isimamishe."

Mama alikuwa ameshaenda kazini. Dada ndiye aliyekuja mbio, na hapo niliona kitu ambacho sikukitegemea. Sauti ya ndege haikuwepo, na ya nyumbani haikuwepo. Alikuwa na ya tatu. Fupi, nzito, neno mojamoja. "Mlaze. Miguu juu. Leta mto. Fungua dirisha." Nilifanya kila kitu bila kufikiri. Alimshika Bibi kifundo cha mkono, akahesabu huku midomo ikicheza. "Twende."

Daktari ni yuleyule. Aliuliza Bibi anakunywa dawa gani. Nikatoa zote mfukoni, nyeupe na za njano.

"Zote mbili?"

"Ndiyo, daktari."

"Lakini nilisema nyeupe aache. Za njano zinachukua nafasi yake. Nilisema pale pale, nikakuuliza umeelewa. Si ulisema ndiyo?"

Nilisema ndiyo. Nakumbuka vizuri sana. Alikuwa anazungumza huku anaandika, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza cha kitabibu, na mtu nyuma yetu alikuwa anakohoa. Nilisikia "njano" na "kila asubuhi." Katikati kulikuwa na maneno ambayo hayakunifikia. Nikamtazama Bibi, naye anaitikia kwa kichwa, nikajua yeye ameelewa. Kumbe yeye ameniona mimi naitikia, msomi wa nyumba, akajua mimi nimeelewa. Tukamwitikia daktari wote wawili kama mijusi ukutani, tukashukuru, tukaondoka.

Siku tatu Bibi amekunywa dawa zote mbili kwa pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji.

Daktari anasema presha ilishuka mno, itapanda, abaki hapa hadi jioni. Amesema bahati njema hakugonga kichwa.

Baadaye, siku hiyohiyo

Dada aliketi karibu yangu. Nilikuwa nalia bila sauti ili wagonjwa wasisumbuke. Nilimwambia yote, kuitikia, mijusi, maji. Nilitegemea anigombeze. Akatoa leso yake.

"Kipaza sauti hakikuwa kibovu," akasema.

Sikuelewa. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwambia mkubwa wangu: "Sijaelewa. Rudia."

Akarudia. Mwezi wa kumi na mbili alitoa matangazo yote bila kosa. Watahini wakaandika, wakafurahi. Kisha mtahini mmoja akaketi kwenye kiti kama abiria na kuanza kusema naye Kiingereza cha kwao, cha haraka, kinachomeza ncha za maneno. Dada hakushika hata neno. Mtahini alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Akatabasamu, akasema, "Bila shaka, bwana." Akaenda.

"Ukaenda wapi?"

"Nikamletea vitu vitatu. Maji, mto na blanketi."

Nilitaka kucheka na haikuwa ya kucheka.

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema kifua kinambana na mkono wa kushoto umekufa ganzi." Dada alikunjua leso yake, akaikunja tena. "Nikampigapiga mto ukae vizuri. Akaniambia, 'Sasa nimeshakufa, binti.' Wakafunga faili."

Mwezi mzima nimekuwa nakosoa matangazo. Matangazo hayakuwa na shida.

Ijumaa, 12 Aprili

Bibi yuko nyumbani. Ameamuru apewe uji na heshima yake.

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba msamaha. Dada naye akaja, akamweleza ya mtahini. Tukawa kama watu waliopeleka kesi baraza la kijiji. Bibi alitusikiliza kwa sikio la kushoto.

"Nani aliwafundisha kwamba mkubwa haulizwi mara mbili?"

Mama, kutoka mlangoni, akasema taratibu, "Wewe, Mama."

"Mimi." Bibi akafikiri. "Basi kanuni ile niliitunga nikiwa na masikio mawili. Sasa nina moja, nimeifuta. Kuanzia leo, anayeitikia asichokisikia hatalala na njaa, lakini ataosha vyombo wiki nzima. Na mimi nimo. Mnasikia?"

Tukasema, "Ndiyo, Bibi."

"Nimesema nini?"

Tukalazimika kurudia. Mama alikosea. Ndiye anayeosha vyombo.

Jumamosi, 20 Aprili

Dada alimpelekea Madamu habari yote, hata ya kipaza sauti. Madamu hakushangaa. Alisema marubani wakipewa agizo kutoka ardhini huwa hawajibu "ndiyo" tu, hulirudisha lilivyo, neno kwa neno, na wa ardhini akisikia kosa analisahihisha. Hakuna anayemwona mwenzake mjinga. Kwa nini sisi huku chini tunaona aibu?

Hilo swali ni lake, lakini ningeweza kuliuliza mimi.

Jumatano, 24 Aprili

Zoezi jipya. Bibi ndiye abiria msumbufu, na jamani, amezaliwa kwa kazi hiyo! Anaweka peremende mbili mdomoni na kuzungumza akitazama ukutani. Dada lazima achuchumae, macho yalingane na yake, aseme hajaelewa, aombe arudie, kisha amrudishie. Mara ya kwanza Dada alitamka "samahani, sijaelewa" kama mtu anayemeza mwiba.

"Tena," akasema Bibi. "Usiniangukie miguuni. Unaniuliza, huniombi msamaha."

Siku ya nne mwiba ulipungua.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua imebomoa ukuta wa choo cha shule. Tumerudi nyumbani mapema. Bibi akadai ndege iondoke mapema pia.

Alhamisi, 9 Mei

Nimegundua kitu kuhusu Dada. Nilidhani haogopi. Naona sasa ile sauti nyembamba ndiyo ilikuwa woga wenyewe, umevaa viatu virefu. Siku hizi kwenye korido anazungumza kwa ile sauti ya tatu, ya siku ya sufuria, ila ameilainisha. Leo mvua ilipiga bati kwa nguvu zote na nilisikia kila neno kutoka jikoni. Nimeandika: "Imesikika yote." Hakuichana. Ameibandika kwenye kioo.

Alhamisi, 16 Mei

Kesho. Mama amepiga pasi shati la Dada mara tatu.

Ijumaa, 17 Mei

Shule iliniruhusu. Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani na mlango haukufungwa vizuri. Sikusudii kusema nilichungulia. Nilisikiliza.

Matangazo, sawa. Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili. Mkanda, mikono nyuma, hadi "ta!" Mtu alicheka vizuri. Kisha kiti kikasogezwa, na sauti ya mzee ikaanza kusema mbio, chini chini, kama maji kwenye bomba. Ikanyamaza.

Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Nilijua yuko wapi. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha Bibi, na miwani, shali na kiberiti.

"Samahani, bwana. Sijaelewa. Tafadhali rudia polepole."

Mzee akarudia. Haikuwa polepole.

"Nimeelewa kwamba ni mtoto. Sijaelewa mtoto ana nini. Tafadhali rudia."

Mtu mwingine akaguna. Sijui kuguna kule ni kwa maana gani. Mara ya tatu Dada akamrudishia yote, kipande kwa kipande, na mzee akasema neno moja ambalo sikulisikia kwa sababu nje lori lilipita!

Dada alitoka shati likiwa limemganda mgongoni. "Nimemuuliza mara tatu," akasema. "Mara tatu, mbele ya watu."

Jumamosi, 18 Mei

Hakuna habari.

Jumatano, 22 Mei

Hakuna habari. Dada amesafisha jiko hadi limebadilika rangi.

Ijumaa, 24 Mei

Binti mmoja wa darasa lao amepigiwa simu. Dada amempongeza kwa sauti ya ndege. Tulikuwa hatujaisikia wiki nyingi.

Jumanne, 28 Mei

Mvua kubwa, labda ya mwisho. Dada alikwenda sokoni akasahau simu kwenye ubao wa pasi. Ikalia. Namba ngeni. Bibi akasema, "Pokea, Bi Kwanini, mimi na mashine hatuelewani."

Mwanamke akamtaja Dada kwa majina yake matatu. Nikasema ametoka, mimi ni mdogo wake. Akasema ujumbe naweza kuupokea, akaanza kwa Kiingereza cha haraka sana, na hapo hapo bati likarindima kwa mvua. Nikashika maneno mawili, "Jumatatu" na "viatu." Kisha akasema, "Umeelewa?"

"Ndiyo" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Bibi alikuwa ananitazama.

"Samahani, mama," nikasema. "Sijaelewa. Kuna mvua. Tafadhali rudia, ninaandika."

Akarudia. Niliandika kwenye jalada la daftari hili, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Sehemu moja ilinipotea tena, nikamrudisha nyuma mara ya pili, masikio yananiwaka moto. Halafu nikamrudishia:

"Amepita. Aanze mafunzo ya angani Jumatatu, tarehe kumi mwezi wa sita, saa moja na nusu asubuhi. Lango la tatu, si lango kuu. Viatu vyeusi, kisigino kifupi. Aje na cheti cha daktari."

"Sahihi," akasema. Hakukata simu. "Nani amekufundisha kurudisha maneno hivyo?"

"Bibi yangu."

"Naye alikuwa mhudumu wa ndege?"

"Hapana, mama. Ni abiria."

Simu ikakatika. Bibi alikuwa ameshainuka nusu kwenye kiti, ameshikilia meza, sikio la kushoto mbele.

"Wamesemaje?"

Nilichuchumaa mbele yake, macho yakalingana, nikamweleza neno mojamoja juu ya kelele za mvua. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuitikia kwa kichwa.

"Jumatatu," akasema. "Tarehe kumi. Saa moja na nusu. Lango la tatu. Viatu vyeusi vifupi. Cheti." Akanyanyuka wima. "Amepita."

"Sahihi, Bibi," nikasema.

"Rudia hilo la mwisho," akasema Bibi. "Sikulisikia vizuri."

Alikuwa amelisikia. Nikarudia.